Mwisho Wako wa Lami

Rukia mwanangu,

Salamu tulipeana asubuhi ulipokuwa unatoka kwenda Vingunguti kumuaga shangazi yako, kwa hiyo naziruka, na wewe mwenye jina hilo huna haki ya kunilaumu. Naandikia humu studio ya picha, kwenye kile kiti cha wateja chenye mguu mbovu, kwa sababu nyumbani nimeshindwa kukaa. Sanduku lako nimelifunga na kulifungua mpaka kufuli limeanza kulegea. Khanga nimezikunja, nikazikunjua, nikazikunja upya vilevile. Nikaja huku nikidhani kazi itanituliza, na mjomba wako Seif tayari ameniomba nikae chini, eti sauti ya ndala zangu inamtia kichaa. Basi nimekaa.

Treni yako ni kesho. Mambo ya kuchemsha maji, ya kufunga mlango kwa ndani na ya kutoshika mzigo wa mtu usiyemjua sitayaandika. Umeyasikia tangu juzi, na umeshaanza kuyajibu kabla sijayamaliza. Isitoshe unakwenda Mwanza kusomea uuguzi, habari za maji watakufundisha wenyewe. Mie nina jambo moja tu linalonikera, na nataka kulijua kabla hujapanda. Je, ulikwenda kukitafuta kile kikopo?

Juma lililopita nilikuchomekea karatasi ya kukuelekeza kilipo ndani ya kiatu chako cha safari. Nilikuona ulipokijaribu. Ukaitoa, ukaisoma, ukaikunja, ukaitia mfukoni, kisha ukaniuliza kama mchele umeshachaguliwa. Tangu hapo kimya. Nami nimejizuia kukuuliza, maana aliyeficha haulizi wala haendi kuchungulia. Hiyo ndiyo sheria ya vikopo, na niliitunga mwenyewe. Sasa naona nilitunga sheria ya kijinga.

Sijui unakumbuka mchezo ule ulivyoanza. Ulikuwa hujafika umri wa shule, unanifuata humu studio kutwa nzima, unachezea taa za mjomba wako na kusimama katikati ya wateja ninaowachana nywele. Kaka yangu si mtu wa kugombeza watoto, lakini kwako alikaribia. Chini ya kaunta kulikuwa na boksi la vikopo vya filamu, vile vyeusi vyenye kifuniko cha kijivu. Watu walikuwa wakija kuviomba, huyu wa kutilia ugoro, yule wa kutilia sindano. Siku moja nikachukua kimoja, nikatia pipi, nikakificha nyuma ya tangi la maji la jirani lililokuwa linavuja. Nikarudi nikakuambia kuna kikopo kiko mahali panapodondosha machozi, nenda kakitafute. Nilipata nafasi ya kuwapanga watu wa harusi nzima, kuanzia bibi harusi mpaka mashangazi, ndipo ukarudi na pipi shavuni. Hukusema asante. Ulisema unataka kingine.

Karatasi ilikuwa wazo la mjomba wako. Alisema kikopo kikishachukuliwa mchezo umekwisha, afadhali kibaki palepale, ndani kiwekwe kipande cha karatasi, na kila atakayekipata aandike jina lake na siku aliyofika, kisha akirudishe. Ndipo mtaa mzima ukaingia. Shani, binti wa jirani, alikuwa mkali kuliko wewe, na wewe ukanuna. Yule fundi baiskeli wa pale kona alikikuta kimoja kwa bahati, akiwa amepiga magoti anatafuta nati iliyomponyoka. Akaandika kwa hati yake kubwa kwamba amekuta, hajachukua kitu, mwenye mali ajitokeze. Tulicheka mpaka mjomba wako akaharibu picha ya mteja.

Nikijiuliza nina elimu gani ya kukufungia, naona ni hiyo ya vikopo tu. Ichukue basi, haina uzito kwenye sanduku.

Ukifika mahali usianze kupapasa. Simama, jifanye unafunga kamba ya kiatu, ujiulize ungekuwa wewe umeshika kikopo na watu wanapita ungekitia wapi. Kila mtu huficha kwa urefu wake. Mjomba wako mrefu, vyake vyote vilikuwa juu ya vizingiti na kwenye kenchi za vibanda, na wewe ulikuwa unavitafuta chini mpaka machozi yanakutoka. Mie mfupi na mvivu wa kuinama, vyangu karibu vyote viko usawa wa kiuno. Ukishamjua aliyeficha, kazi iliyobaki ni ndogo. Halafu tazama kilichozidi unadhifu, jiwe lililokaa vizuri kuliko mawe mengine, au majani yaliyolazwa upande mmoja. Usitie mkono mahali ambapo hujapaona. Kovu hili la kidoleni kwangu unalijua, nge hakunibisha hodi. Watu wakipita, ngoja wapite. Mtu akikuuliza unatafuta nini, mwambie hereni. Ukimwambia ukweli atakuona umerukwa na akili, au atataka kukusaidia, na sijui lipi baya zaidi.

Nimenyanyuka kidogo. Alikuja bwana mmoja na mwanawe kupiga picha za pasi. Mtoto hakutaka kuchanwa nywele, na baba yake hakutaka kukaa nje. Siku hizi wateja wanajua kila kitu, tangu kamera ndogo zilipojaa madukani kila mtu ni mpiga picha. Vikopo navyo vimezidi, unavikuta mpaka kwenye mitaro. Zamani ungevipata kwetu tu.

Nilikuwa nasema nini? Kuandika. Kuandika nako kuna adabu yake. Tumia penseli, maana wino ukipata unyevu jina lako lote linageuka doa. Andika siku uliyofika kweli, si siku ambayo ungependa uwe umefika. Shani alikuwa anadanganya tarehe ili aonekane wa kwanza, tukamjua, na akaendelea. Ukichukua kidude kilichomo, kama kishikizo cha shati, acha pini au shanga badala yake. Ikunje karatasi ilivyokuwa imekunjwa, kirudishe kikopo kilivyokuwa kimekaa, usikiboreshe.

Mie nina ugonjwa huo wa kuboresha. Nikikuta kikopo kimelala upande nakisimamisha, nakisogeza ndani, nakifunika zaidi, na anayekuja nyuma yangu hakipati mpaka kiama. Nawe nimekufanyia hivyo hivyo. Barua yako ya kuomba chuo niliichukua mezani nikainakili upya kwa maneno yangu, wakati ya kwako ilikuwa nzuri. Niliona tu ile "naomba" yako imekaa mbele mno. Uliituma ipi sikuuliza. Nadhani ya kwako, ndiyo maana wamekuchukua.

Na jina. Mie kwenye karatasi zote nilikuwa naandika Mama Rukia. Ulipojua kusoma ukanijia na kikopo mkononi ukaniambia Rukia ni wewe, mie niandike la kwangu. Nilikucheka, nikaenda kusimulia mtaani. Sikubadilisha.

Nazunguka sana, najua. Nimeshakwenda mlangoni kutazama barabarani kama unakuja, na najua shangazi yako hamwachi mtu aondoke bila kula. Acha niseme habari ya siku ile, maana ndiyo iliyonileta kwenye kiti hiki.

Kwanza ujue ni wapi napaita Mwisho wa Lami, na kwa nini. Niliolewa kutoka Kinondoni. Teksi iliyonileta Temeke ilifika pale lami ilipokuwa inaishia wakati huo, dereva akalitazama tope, akasema yeye haendi mbele hata bibi harusi akilia. Nikalia, na hakwenda. Nikashuka na buibui langu jipya, viatu mkononi, nikatembea pekupeku na mawifi zangu mpaka nyumbani kwa baba yako, wao wanacheka na mie kikanijia kicheko katikati ya kilio. Mtaa mzima ulikuwa unapaita pale Mwisho wa Lami. Baadaye barabara ikaongezwa, lami ikapita pale ikaenda mbele sana, lakini jina halikufuatana nayo. Lilibaki palepale na watu tukaendelea nalo, na mgeni akiuliza tunamshangaa. Wewe umepata akili zako lami ikiwa imeshapita mlangoni kwetu. Hilo mie sikuliwaza hata kidogo.

Ulikuwa darasa la tatu, shule zimefungwa. Nilikuandikia karatasi kwamba kikopo kiko mwisho wa lami, upande wa kushoto, chini ya kisiki. Nilikuwa nimekufundisha kwamba ukipotea usizunguke, kaa hapohapo mpaka nije. Ukatoka baada ya chakula cha mchana, umefurahi, umevaa ndala zangu. Alasiri ikaingia, hujarudi. Nikaenda pale kwangu, teksi iliponishusha. Kisiki kipo, kikopo kipo, karatasi haina jina lako.

Unajua nilifanya nini? Nilikaa. Nilikaa juu ya kile kisiki na hasira zangu, kila anayepita namwambia nina mtoto mzururaji na leo atanitambua. Sikukutafuta. Nilikuwa nasema moyoni, nimemwambia hapa, atakuja hapa. Watu wakanipa pole, nami nikazipokea. Jua lilipoanza kushuka ndipo hasira ikaniacha, nikasimama, lakini hata hapo sikujua niende wapi, kwa sababu kichwani mwangu mahali palikuwa pamoja tu.

Mjomba wako alifunga studio, akaazima baiskeli kwa fundi, akanipakia nyuma. Hakuwa na ujanja wowote. Aliifuata tu lami mpaka ilipoishia.

Ulikuwa umekaa juu ya kalvati, karibu na rundo la kokoto lililoachwa na watengeneza barabara. Vumbi jekundu limekufika magotini. Ndala zangu umezivua na kuzipanga pembeni vizuri. Hukuwa unalia. Ulikuwa umekaa hapohapo, kama nilivyokuagiza, tangu mchana. Na mie niliyetakiwa kukukumbatia nikashuka kwenye baiskeli nikakuzaba kofi mbele ya wachota mchanga, nikakuuliza mwisho wa lami hupajui, huna macho? Ukanyoosha kidole barabarani.

"Mama, lami si imeishia hapa?"

Ilikuwa imeishia pale. Nyuma yako nyeusi, mbele yako udongo mtupu. Mjomba wako akaigeukia ile baiskeli akawa anaminyaminya tairi. Nami nikakuambia usinijibu, twende nyumbani.

Tangu siku hiyo hukutafuta tena. Nilikufichia kingine, ukapita pembeni yake kila siku ukienda kisimani. Nikakufichia cha pili karibu na kitanda chako kabisa, ukafagia ukakizunguka. Nikaacha. Na sikukuomba radhi. Mwanzo nilidhani mtoto atasahau. Baadaye niliona muda umepita mno, ingekuwa kichekesho mtu mzima kuanza habari za vikopo. Baba yako aliporudi na lori lake nikamsimulia, nikamwambia ulipotea. Ndivyo nilivyomwambia, kwamba wewe ndiye uliyepotea. Yuko njiani Tunduma sasa, na akirudi nitamsimulia upya.

Halafu nikarudia kosa lilelile bila kulijua. Uliponiambia unataka uuguzi, tena mbali, nilikutuma dukani. Nilikuwa nimeshapanga kichwani kwamba utashika kamera ya mjomba wako, utakaa karibu, na wateja wa kike watakupenda. Nikawa nakusubiri ubadili mawazo. Ulikuja na fomu, nikasubiri. Ulikuja na majibu, nikasubiri. Siku uliyokuja na tiketi ndiyo nikashtuka kwamba nimekalia kisiki tena, na wewe uko kule mbele umekaa peke yako, umefuata ulichoambiwa na macho yako.

Nisamehe, Rukia. Ulikuwa sahihi siku ile na mie nilikuwa nimekosea. Kofi lile linaniuma mpaka leo kuliko lilivyokuuma wewe, ingawa sina hakika, maana sikukuuliza lilikuumaje. Nilitaka kukuambia haya kwa mdomo, na kila nikijaribu nakuta nimekuuliza kama umeweka sabuni.

Huko Mwanza nako watakuelekeza kwa vitu visivyokuwepo, sina shaka. Watakuambia kwenye kinu, na kinu kiling'olewa zamani. Usione haya kumuuliza mtu kama pako hivyo sasa au palikuwa hivyo. Na wewe ukishakuwa mwenyeji, ukimwelekeza mgeni, kumbuka yeye hakuwepo.

Mjomba wako ananiambia niandike haraka kabla umeme haujakatika, kana kwamba naandika kwa umeme. Nimesimama tena. Nimepanga picha za watu ambao hawajazifuata, nimezipangua. Kikopo chako kiko hatua chache tu kutoka hapa, na ndiyo adhabu yenyewe. Niliandika kwamba kiko pale ndege inaporuka kichwa chini. Unalikumbuka lile pazia la zamani la studio, lenye ndege, ambalo watu walikuwa wakisimama mbele yake na mkoba kama wanasafiri? Mjomba wako aliligongelea kwenye uzio wa choo cha nyuma, na aliligongelea juu chini. Kikopo kiko pale, nyuma ya nguzo, usawa wa kiuno changu.

Nimeshindwa. Naenda kuchungulia, na sheria yangu ikae huko.

Nimerudi.

Kikopo kimekaa kama nilivyokiacha, kimeegemea upande uleule, jani lilelile juu. Nikasema basi, hakuja. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka. Halafu nikakumbuka ni nani aliyekufundisha kurudisha, nikakifungua.

Jina lako limo. Kwa penseli. Siku uliyoandika ni ileile ya kiatu, Rukia. Ulikwenda siku ileile, pengine wali ulikuwa bado uko motoni, na ukaniacha juma zima nazunguka nyumbani nafungua kufuli. Una roho ngumu wewe, na najua umeitoa wapi. Kishikizo nilichokuwekea umekichukua, umeacha kokoto moja ndogo. Na chini ya jina lako umeandika kwamba kingine kiko mwisho wa lami. Basi. Wala kushoto wala kulia, wala kisiki.

Nimekaa hapa nacheka na kulia pamoja, mpaka mteja amesita mlangoni. Mjomba wako aliponiona nachukua mtandio akaniuliza safari ya wapi tena, nikamwambia naenda mwisho wa lami. Akaiweka kamera juu ya kaunta.

"Upi?"

Nimemwambia wa Rukia.

Pale kwako hapana lami tena, sijui kama umepita karibuni. Mashimo yameila, imerudi nyuma, na mtu akienda leo na macho yake mapya hatajua kwamba palikuwa na mwisho wa kitu chochote. Rundo la kokoto watu wamelimaliza kwa kujengea. Lakini usidhani siku ile nilikuwa na kofi tu. Niliona ulipokaa. Najua ni upande gani wa kalvati, na ndala ulizipanga wapi, na nitakipata hata kama umekificha kwa urefu wako na siyo wangu.

Barua hii namwachia mjomba wako akupe utakapopita hapa ukitoka Vingunguti. Ukifika nyumbani usinikute, usije ukanitafuta kule kwenye kisiki. Niko kwako. Nikishakipata nitaandika jina langu, nitakirudisha kama kilivyokuwa, kisha nitakaa juu ya kalvati hapohapo, sizunguki, mpaka uje unichukue.

Mwanaidi binti Salum